Simu Haiwaki, Kompyuta Haiioni: Pitia Hatua Hizi Kabla ya Kuiflashi

Maswali ni yale yale, simu tu ndizo zinazobadilika. "Imezima ghafla, nikiweka chaji haionyeshi kitu." "Nimechomeka kwenye laptop, chaji inaingia lakini picha sizioni." "Imeganda kwenye logo tangu jana usiku." Na jibu wanalopewa wengi ni moja: iflashi tu. Kuflashi, yaani kuiwekea simu programu endeshi upya, kunatibu tatizo la programu, basi. Hakusafishi tundu la chaji, hakufufui betri, hakubadilishi waya mbovu, na mara nyingi kunaondoka na picha zote pamoja na namba ambazo hukuzihifadhi popote. Kwa hiyo kwanza tujue simu inaumwa nini. Chombo cha kupimia unacho tayari: kompyuta yoyote na waya wa USB unaoaminika.

Nazungumzia simu za Android: Tecno, Infinix, itel, Samsung, Xiaomi na ndugu zao. iPhone ina taratibu zake, ingawa hatua ya 2 na ya 3 zinaihusu pia.

Andaa hivi kwanza

- Chaja ya ukutani iliyo nzima. Nzima maana yake umeiona leo, kwa macho yako, ikichaji simu nyingine.
- Nyaya mbili za USB, na angalau mmoja uwe umewahi kuhamishia mafaili. Nyaya nyingi za bei ya chini zinazouzwa barabarani zina njia ya umeme tu. Njia mbili za data hazimo ndani. Utachaji nao mwaka mzima na kompyuta isiione simu hata siku moja.
- Kompyuta. Maelezo yangu ni ya Windows. Linux na Mac nitazigusa.
- Tochi, kijiti cha meno cha mbao na mswaki laini mkavu.
- Barua pepe na nywila ya akaunti ya Google iliyomo kwenye simu. Huenda usiihitaji, lakini ukiihitaji bila kuwa nayo utakwama vibaya.
- Kipima umeme cha USB, kile kidude kidogo chenye namba kinachokaa kati ya chaja na waya. Si lazima, ila kinaokoa muda sana.

Usianze kama una mojawapo ya haya

Tazama mgongo wa simu ukiwa umeilaza juu ya meza. Ikiwa inayumba, au kioo kimeanza kuachia pembeni, betri imevimba. Usiichaji, usiibonyeze, usiitoboe. Ipelekwe ikatolewe.

Ikiwa simu imeingia maji, usiichomeke popote, iwe chaja au kompyuta. Umeme ukikutana na maji ndani ya bodi, ile sahani yenye chipu na njia za umeme, ndipo kutu ya kijani inapoanza kula njia za shaba, na maji ya bahari ni mabaya zaidi kwa sababu ya chumvi. Habari ya kuifukia kwenye mchele iacheni jamani. Mchele hauvuti chumvi wala hautoi kutu, unaacha vumbi lake kwenye tundu la chaji tu. Izime, ifungue kifuniko kama kinafunguka, na impitie fundi wa kuisafisha bodi mapema, siku hiyo hiyo ikiwezekana.

Hatua ya 1: Jua simu yako iko kundi gani

Ipigie kwa simu nyingine. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa huku umeishika mkononi, uone kama inatetemeka.

- Kimya kabisa, haiiti, haitetemeki: nenda hatua ya 2, kisha endelea kwa mpangilio hadi ya 5.
- Inaita au inatetemeka lakini kioo ni cheusi: nenda hatua ya 6.
- Inaonyesha logo kisha inaganda, au inajizima na kujiwasha bila kukoma: hatua ya 7.
- Inawaka na kufanya kazi vizuri, ila kompyuta haiioni: hatua ya 8.

Kundi la pili linawachanganya watu wengi. Simu ambayo alamu yake inalia saa 11 alfajiri haijafa hata kidogo, imepofuka tu.

Hatua ya 2: Ichaji ukutani, na uiache

Chomeka kwenye chaja ya ukutani na uiache kwa saa moja bila kuigusagusa. Betri ikiwa imekauka kabisa, simu huanza kuilisha taratibu kwa umeme kidogo sana, na kwa muda huo kioo hakionyeshi chochote. Dakika 15 hadi 30 za giza ni kawaida. Anayechomeka dakika tano, akachomoa, akabonyeza, akachomeka tena, anairudisha simu mwanzo kila mara.

Usiichajie kwenye kompyuta kwa hatua hii. Tundu la USB 2.0 la kompyuta linatoa nusu ampea, yaani 0.5A, na simu iliyokauka itachukua muda mrefu mno hadi ijisimamie. Powabenki nayo ina tabia yake: nyingi hujizima zenyewe zikiona mzigo ni mdogo, na simu iliyokauka ni mzigo mdogo kweli kweli. Unaamka asubuhi unakuta powabenki imejaa na simu bado imezima, unadhani simu ni mbovu.

Kama una kipima umeme, soma namba. Volti ziwe karibu na 5. Ukiona ampea ni 0.00 na hazisogei, umeme hauingii kabisa: shuku waya, tundu, au sistimu chaji (sehemu ya bodi inayopokea umeme wa chaja na kuulisha betri). Zikianza chini kisha zikapanda, ni dalili njema, betri inakula, mpe muda. Zikipanda juu papo hapo na simu ikapata moto upande mmoja wakati bado imezima, chomoa. Kuna shoti kwenye bodi.

Hatua ya 3: Waya na tundu la chaji

Hapa usiharakishe. Simu nyingi sana zinazoitwa mbovu zinapona hapa.

Badilisha waya kwanza, kisha chaja, kimoja kimoja, ili ujue nani mkosaji. Kama simu yako ni ya Type-C, chomeka, kisha chomoa, geuza kichwa cha waya juu chini na uchomeke tena. Tundu la Type-C lina miguu pande zote mbili za ulimi wake wa katikati, kwa hiyo simu inayochaji upande mmoja na kugoma upande wa pili imeshakuambia tatizo: miguu ya upande mmoja imechakaa au imeingia kutu.

Sasa mulika tochi ndani ya tundu. Simu inayokaa mfukoni hukusanya nyuzi za nguo na vumbi, na kila unapochomeka chaja unavigandamiza zaidi kule nyuma, hadi vinakuwa kama kipande cha kitambaa kigumu cha kijivu. Dalili yake ni waya usiobana: hausikii ule mlio mdogo wa "tik" ukiingia, na ukitazama kwa pembeni kichwa cha waya kimebaki nje kidogo kuliko zamani.

Zima simu kabisa kama bado inawaka. Chukua kijiti cha meno, kichonge kiwe bapa, ingiza kando ya ulimi wa katikati na ukwangue taratibu kuelekea nje. Geuza simu tundu litazame chini, pigapiga kidogo, kisha malizia kwa mswaki mkavu. Rudia hadi ukuta wa nyuma uonekane.

Makosa yanayoharibu hapa: sindano au pini, kwa sababu chuma kinagusanisha miguu na kinakwangua dhahabu juu yake, kupuliza kwa mdomo, kwa sababu unaingiza mate, na kumwaga spiriti ndani halafu ukachomeka chaja kabla haijakauka.

Kwenye simu za tundu la zamani, micro USB, tazama kama ulimi wa ndani umelala upande au umevunjika. Kama umevunjika, hakuna kijiti kitakachousaidia, tundu linabadilishwa.

Hatua ya 4: Ilazimishe iwake

Toa kava kwanza. Si mzaha: kava iliyobana inaweza kukandamiza kitufe cha kuwashia au cha sauti muda wote, na simu ikawa inajiwasha na kujizima au kuingia menyu za ajabu. Toa pia laini na kadi ya kumbukumbu. Kadi mbovu inaweza kuigandisha simu wakati wa kuwaka.

Simu ikiwa bado kwenye chaja:

1. Shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 20 kamili. Hesabu.
2. Ikigoma, shikilia kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti kwa sekunde 10 hadi 15. Kwa Samsung hii ndiyo njia yenyewe.
3. Ikigoma bado, jaribu cha kuwashia pamoja na cha kuongeza sauti, muda huo huo.

Hakuna picha inayofutika kwa kufanya hivi. Unailazimisha simu ianze upya tu.

Kama betri inatoka, kama kwenye itel nyingi ndogo, itoe, shikilia kitufe cha kuwashia nusu dakika bila betri, futa miguu ya shaba kwa kitambaa kikavu, rudisha. Mwenye mita apime betri ikiwa nje: karibu volti 3.7 au zaidi ni nzuri, chini ya volti 3 imekauka.

Angalizo kuhusu skrini mbili zinazotisha watu bure. Xiaomi ikiandika "FASTBOOT", au Samsung ikionyesha "Downloading" kwenye rangi ya bluu au kijani, simu haijaharibika. Vitufe vilishikiliwa pamoja tu, mara nyingi mfukoni au na mtoto. Kwenye Xiaomi shikilia kitufe cha kuwashia kama sekunde 15. Kwenye Samsung shikilia cha kuwashia na cha kupunguza sauti. Itarudi.

Hatua ya 5: Iulize kompyuta

Simu bado kimya? Kabla ya kusema imekufa, fanya kipimo hiki. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, fungua Device Manager (orodha ya vifaa ambavyo kompyuta inaviona), iache wazi mbele yako. Ongeza sauti ya kompyuta. Chomeka simu kwa waya wa data, kwenye tundu la kompyuta moja kwa moja bila kupitia kigawanyio cha USB (hub), na usitoe macho kwenye orodha.

- Orodha inatikisika, jina linatokea kwa sekunde mbili tatu kisha linapotea. Kama ni "MediaTek PreLoader USB VCOM", umepata habari njema. Tecno, Infinix na itel nyingi zinatumia chipu za MediaTek, na hapo chipu inasema ipo hai. Tatizo ni betri isiyoweza kubeba mzigo, kitufe kilichokwama, au programu.
- Jina linatokea na linabaki: "Qualcomm HS-USB QDLoader 9008". Chipu ya Qualcomm ipo hai lakini haikuweza kusoma programu ya kuwashia. Hapa kuflashi kunaweza kuwa na maana. Kwa chipu za Unisoc utaona jina linaloanza na "SPRD".
- Alama ya njano na jina lisiloeleweka. Draiva, programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa, haipo, lakini simu inaongea. Hesabu kuwa ipo hai.
- "Device Descriptor Request Failed". Kompyuta imehisi kuna kitu ila hawaelewani. Badilisha waya, kisha tundu la kompyuta, kisha rudi kwenye uchafu wa hatua ya 3.
- Hakuna mlio, hakuna kinachotikisika. Umeme au data haifiki. Umeshabadilisha waya na kusafisha tundu? Basi ni sistimu chaji, betri, au bodi.

Jaribu pia kushikilia vitufe vyote viwili vya sauti wakati unachomeka. Baadhi ya simu ndipo zinapojitokeza.

Mwenye Linux aandike `dmesg -w` kabla ya kuchomeka, au `lsusb` baadaye. Namba za mwanzo zinakutajia mwenyewe: 0e8d ni MediaTek, 05c6 ni Qualcomm, 04e8 ni Samsung, 1782 ni Spreadtrum, ambayo sasa inaitwa Unisoc.

Andika ulichokiona, au kipige picha. Fundi mzuri akisikia "inaonekana Preloader sekunde mbili kisha inapotea" anajua pa kuanzia.

Hatua ya 6: Inaita lakini kioo ni cheusi

Ingia chumba chenye giza, mulika tochi kwenye kioo kwa mshazari. Ukiona picha hafifu kwa mbali, taa ya nyuma ya kioo ndiyo imekufa. Usipoona kitu, ni kioo chenyewe au mkanda wake uliochomoka baada ya simu kuanguka. Hatua ya 4 ifanye mara moja, maana wakati mwingine ni kuganda tu.

Usikubali mtu aiflashi simu ya namna hii. Data yako yote ipo na simu inafanya kazi, inahitaji kioo. Fundi anaweza kuegesha kioo kingine bila hata kukigundisha, ukafungua simu, ukahamisha picha zako, ndipo uamue kama inafaa kununuliwa kioo kipya.

Hatua ya 7: Imeganda kwenye logo

Chaji ifike kiasi kwanza. Kisha ingia kwenye modi ya rikavari, yaani menyu ya matengenezo inayofunguka kabla Android haijawaka: simu ikiwa imezimwa, shikilia kitufe cha kuwashia na cha kuongeza sauti pamoja, achia logo ikitokea. Samsung za Android 11 na kuendelea zina sharti: lazima ziwe zimeunganishwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB, vinginevyo utashikilia vitufe mpaka vidole viume. Ukikutana na roboti aliyelala na maneno "No command", shikilia kitufe cha kuwashia na ubonyeze cha kuongeza sauti mara moja.

Menyu ni ya Kiingereza, unashuka kwa kitufe cha sauti na kuchagua kwa cha kuwashia. Fuata mpangilio huu:

1. "Reboot system now". Jaribu hii kwanza, inatosha mara nyingine.
2. "Wipe cache partition", kama ipo. Inafuta mafaili ya muda, picha haziguswi.
3. Washa tena na ushikilie kitufe cha kupunguza sauti logo inapotokea, ili iingie kwenye hali salama bila programu ulizopakua. Ikiwaka hivyo, futa programu uliyoweka mwisho na upunguze mafaili. Simu iliyojaa kabisa inaweza kugoma kuwaka.
4. "Wipe data/factory reset". Hii ni ya mwisho, na inafuta kila kitu.

Tafadhali soma ya nne mara mbili. Maneno "wipe cache" na "wipe data" yanakaa jirani na vidole vinateleza. Simu zilizotoka kiwandani na Android 10 na kuendelea zinafunga data yako kwa ufunguo, na ufunguo huo ukifutwa, hakuna programu ya kurejesha picha itakayokusaidia, hata ukilipia. Baada ya kufuta, simu itakudai akaunti ya Google iliyokuwemo. Ndiyo maana niliitaja mwanzoni.

Hatua ya 8: Inawaka vizuri, kompyuta haiioni

1. Fungua loki ya simu. Ikiwa imefungwa, kompyuta inaonyesha jina la simu na folda tupu.
2. Tangu Android 6, simu ikichomekwa inaanza na kuchaji tu. Vuta pazia la arifa kutoka juu, gusa arifa ya USB, chagua kuhamisha faili. Nathubutu kusema nusu ya maswali ya "laptop haisomi simu" yanaishia hapa.
3. Arifa ya USB haitokei kabisa? Waya hauna data. Badilisha.
4. Waya wa Type-C pande zote mbili unaweza kufanya simu iichaji laptop badala ya kuunganishwa. Kwenye menyu ile ile ya USB badilisha nani anayedhibiti, au tumia waya wenye kichwa cha kawaida cha USB upande wa kompyuta.
5. Kwenye Device Manager, tafuta simu chini ya "Portable Devices" au yenye alama ya njano. Bonyeza kulia, iondoe, chomoa waya, anzisha upya simu na kompyuta, chomeka tena. Windows itaweka draiva yenyewe.
6. Windows za toleo la "N" hazina sehemu inayosoma simu. Pakua Media Feature Pack kutoka Microsoft.
7. Mac haisomi simu za Android yenyewe; weka programu kama OpenMTP.

Unayetumia adb (programu ya kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta) na kuona "unauthorized": tazama simu, kuna kidirisha kinasubiri ukubali. Kama hakitokei, ingia kwenye mipangilio ya wasanidi, futa ruhusa zote za utatuzi wa USB, chomoa, chomeka upya.

Bado imegoma?

*Inawaka kwenye chaja, ukichomoa inazima.* Betri. Ibadilishwe.

*Inafika asilimia fulani kisha inazima ghafla.* Betri pia, hasa ya zaidi ya miaka miwili.

*Inaonyesha alama ya chaji lakini asilimia hazipandi.* Waya mwembamba, tundu chafu au sistimu chaji. Rudi hatua ya 3 ukiwa na kipima umeme.

*Inachaji, haiunganishwi na kompyuta yoyote kwa waya wowote.* Njia za data kwenye tundu au kwenye bodi ndogo ya chaji zimekatika. Kwenye simu nyingi bodi hiyo ndogo inabadilishwa peke yake, huna haja ya kununua bodi kuu. Wakati unasubiri, hamisha mafaili kwa Wi-Fi au Bluetooth.

*Ipo ndani ya dhamana.* Usiifungue. Tecno, Infinix na itel zinahudumiwa na Carlcare. Nenda na risiti.

*Ni simu ya mkopo na imejifunga.* Huo si ubovu, ni malipo. Anayekuahidi kuiflashi ili ifunguke anakuingiza kwenye matatizo ya mkataba.

Ukifika kwa fundi, mpe majibu yako: kundi la hatua ya 1, namba za kipima umeme, na jina ulilolipiga picha kwenye kompyuta. Mwambie wazi kama unataka data au unataka simu tu, kwa sababu njia zake ni tofauti. Na akisema lazima aiflashi, muulize ameona nini kwenye USB kabla hujamwachia.